Sekunde za Verlin Haskett

Ninyi mnaokaa na watu wenu chini ya paa moja, nipeni dakika chache. Habari hii si ndefu, na haina mtu mbaya ndani yake. Labda ndiyo sababu imenikaa moyoni hivi.

Nyumba ya kina Haskett iko maili nne nje ya mji, katika vilima vya kusini mwa Missouri, pale lami inapoishia na changarawe kuanza. Verlin Haskett aliendesha greda la kaunti la kusawazisha barabara miaka thelathini na mmoja mpaka alipostaafu. Mkewe Lorene alipika katika shule ya msingi mpaka magoti yalipomkataza. Binti yao wa pekee, Trudy, ameolewa Tulsa, mji wa jimbo jirani.

Jumapili moja ya Agosti, baada ya kanisa, mzee na mkewe walikuwa wamekaa kibarazani, bakuli la maharage mabichi katikati yao, wakiyavunja vipande na kutupa vikonyo kwenye gazeti. Redio ilitangaza mchezo wa besiboli ambao hakuna aliyeusikiliza. Verlin alikuwa akisimulia, labda kwa mara ya ishirini, jinsi alivyomfukuza fahali wa mchungaji wa kanisa lao kwa greda, maili mbili nzima, kwa mwendo ambao hata fahali mwenyewe aliuonea aibu. Lorene alicheka kama vile hajawahi kuisikia. Alikuwa akipenda kumtazama mumewe akisimulia, kwa sababu alisimulia kwa mikono yote miwili.

Ndipo jirani yao, Bi Opal, mjane wa miaka sabini na saba, alipotokea akikata shamba kwa miguu, kofia ya kanisa bado kichwani. Wezi walikuwa wamevunja mlango wake wa nyuma wakati wa ibada.

“Wamechukua televisheni na msumeno wa marehemu,” alisema akiketi kwa taratibu. “Na nyama ya kulungu yote kwenye friza. Wamebagua kabisa, ini wameniachia.”

Lorene alimshika mkono na kucheka naye, maana Bi Opal mwenyewe alikuwa anacheka. Verlin hakucheka. Aliangalia barabara ya changarawe kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akauliza wezi walitumia dakika ngapi. Bi Opal akasema yeye alikuwa kanisani, angejuaje. Verlin akauliza tena.

Katika sehemu zile kila nyumba ina bunduki ya kuwindia, na hakuna anayeliona hilo kuwa jambo. Lakini wiki ile Verlin alinunua bastola, kitu kidogo cheusi cha kuvaa kiunoni chini ya shati, kisha akajiandikisha kwenye mafunzo ya Coy Bledsoe, askari mstaafu aliyefundisha watu kujihami katika machimbo ya zamani ya kokoto kila Jumamosi.

Msinielewe vibaya, ndugu zangu. Mtu kutaka kulinda nyumba yake si kosa, na Coy alikuwa mwalimu mwangalifu. Yeye ndiye aliyemwonyesha Verlin kipima muda. Ni kimashine kidogo, hakizidi pakiti ya sigara. Kinalia, nawe unachomoa bastola na kupiga shabaha, nacho kinasikia mlio wa risasi yako na kuandika umetumia muda gani na umepiga mara ngapi. Siku ya kwanza, kutoka chini ya shati mpaka kwenye sahani ya chuma hatua saba mbele, Verlin alitumia sekunde tatu na nukta nne. Coy aliwaambia wote kwamba mtu mzima akifanya mazoezi kwa busara anaweza kufika sekunde moja na nusu. Akawaambia wafanye robo saa nyumbani kila siku, bila risasi, wala wasizidishe.

Verlin alirudi nyumbani na uso wa kijana. Wakati wa kula alieleza yote, na Lorene alifurahi, kwa sababu tangu astaafu hakuwa amemwona mumewe na hamu ya kitu.

Robo saa ikawa nusu saa. Nusu saa ikawa asubuhi nzima.

Alijitengenezea mahali kwenye chumba cha chini ya nyumba, pale penye mashine ya kufulia. Alibandika karatasi zenye umbo la mtu ukutani. Kipima muda akakitundika kwa msumari kwenye boriti la dari, ambalo ndilo lililobeba sakafu ya jiko, akakiongezea usikivu mpaka mwisho ili kiweze kusikia hata mlio mdogo wa kifyatulio cha bastola tupu. Risasi aliziacha juu, ndani ya kopo la kahawa kabatini, na kila mara aliikagua bastola mara tatu kabla hajaanza. Kwenye hilo hakuwahi kuwa mzembe. Masikioni alivaa vifuniko vile vizito vya uwanjani, kwa kuwa aliamini mwili unapaswa kuzoea hali ileile. Kimashine kililia kwa nguvu hata yeye akakisikia. Kingine chochote hakukisikia.

Lorene alijifunza kuishi juu ya sauti ile. Mlio, kisha kifyatulio cha bastola, kisha kimya cha Verlin kuandika kwenye daftari. Mlio tena. Alikaanga kwa kuufuata, akakunja nguo kwa kuufuata. Mkate wa mahindi ulipoa mezani. Mumewe alipopanda hatimaye, habari zake zilikuwa namba: wastani wa jana, wastani wa leo, mkono wa kushoto umechelewa wapi. Alikuwa amefika sekunde mbili. Kisha moja na nukta tisa. Lorene alijaribu kuuliza maswali mazuri, lakini namba hazina mahali pa kuingilia.

Ikafika wakati Verlin hakutaka kwenda chakula cha pamoja kanisani, kwa sababu meza zilimfanya aupe mlango mgongo. Aliweka chuma cha kukingia milango yote miwili. Alilisogeza kochi la mkewe mbali na dirisha, na kuanzia hapo Lorene hakuweza tena kuona barabara, wala kibanda cha kulishia ndege alichojaza mbegu kila asubuhi.

Kisha akaanza kumpima na yeye. Alimfundisha kwamba akisema neno “chini”, Lorene aache alichoshika, akimbie nyuma ya friji na kuinama. Aliweza kulisema wakati wowote, saa ya kupiga pasi, saa ya kufuma. Lorene alikwenda kadiri magoti yalivyomruhusu, akajibanza pale kwenye vumbi, akisubiri.

“Sekunde tisa,” Verlin alisema siku moja akitazama kimashine. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. “Umeshakufa, mama.”

Lorene aliinuka kwa kushika ukingo wa friji. Alitaka kumwambia kwamba mwaka mzima umepita bila yeye kumsimulia kitu kwa mikono yote miwili. Badala yake aliuliza kama anataka kahawa.

Ndugu zangu, upweke wa mtu anayeishi peke yake tunaujua, na majirani humpelekea keki. Upweke wa mtu mwenye mwenzi chini ya sakafu yake, nani atampelekea keki? Trudy alipopiga simu kutoka Tulsa, Lorene alisema baba yako hajambo, yuko kwenye mazoezi yake. Lilikuwa jibu la kweli, na baada yake aliulizia hali ya hewa ya Tulsa. Alichokitaka Lorene kilikuwa kidogo sana: Verlin apande ngazi kabla chakula hakijapoa, akae, amtazame usoni, aseme kitu ambacho si namba. Alikuwa ameanza kuogopa kwamba siku hiyo haitafika.

Alhamisi moja ya Oktoba ya mwaka uliofuata, kama saa tisa alasiri, Lorene alipanda kistuli kutoa chupa ya matunda ya pichi aliyoyahifadhi kiangazi. Kichwa kilizunguka kidogo, kama kilivyokuwa kikifanya wiki ile. Alipotahamaki alikuwa sakafuni, chupa imepasuka, na mguu wake wa kulia umelala upande ambao mguu haulali.

Maumivu hayakuja mara moja. Kilichokuja kwanza ni mlio wa kipima muda chini yake, kisha ule mlio mkavu wa kifyatulio.

Aliita, “Verlin.” Aliita tena kwa sauti kubwa zaidi, na hapo ndipo maumivu yalipomfikia, yakamkata pumzi. Simu ilikuwa sebuleni. Alijaribu kujivuta na dunia ikawa nyeupe. Karibu na mkono wake ulikuwa umeanguka mwiko wa mti. Akaushika, akagonga sakafu mara tatu.

Chini, kimashine kililia. Akagonga tena.

“Hii takataka imeanza nini leo?” Ilikuwa sauti ya Verlin, kubwa mno, kama wanavyosema watu walioziba masikio. “Nimevuta mara moja, inaniandikia nne.”

Lorene alishusha mwiko. Ilimchukua muda kuelewa. Kimashine pale kwenye boriti kilikuwa kinamsikia. Kila pigo la mwiko wake lilikuwa linaandikwa kwenye kile kioo kidogo, moja baada ya jingine, mbele ya macho ya mume wake. Matumaini yalimjaa hata akalia. Alisubiri mlio uliofuata, akagonga mara tano, kwa mpangilio, ili mtu yeyote mwenye akili ajue kwamba huo ni mkono wa binadamu.

“Sita,” Verlin alisema kule chini. “Sasa sita. Basi, imekufa.”

Alisikia hatua zake. Alimsikia akikiondoa kimashine kwenye msumari na kukipeleka mbali, pengine juu ya mashine ya kufulia. Kisha mlio ukaja kutoka upande mwingine wa nyumba, safi, na kifyatulio kikafuata mara moja tu, na Verlin akaridhika.

Lorene aliendelea kugonga kwa muda. Baadaye aliacha. Maji ya pichi yalikuwa yamemfikia shavuni, nayo yalikuwa baridi na matamu. Alilala akihesabu milio ya mumewe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya mtu aliyekuwa karibu naye. Alihesabu hamsini na mbili.

Saa moja na robo ilipita hivyo.

Aliyekuja ni Bi Opal, kofia kichwani, kurudisha sufuria. Alibisha mlango wa jiko, akachungulia kwenye kioo, akaona viatu vya Lorene na mguu ulivyolala. Alisukuma mlango. Chuma cha Verlin hakikutikisika. Simu yake alikuwa ameiacha nyumbani kwenye chaja. Lorene alimsikia akisema, “Tulia, mwanangu, nazunguka,” kisha nyayo zake kwenye majani makavu.

Chumba cha chini kina dirisha moja dogo, usawa wa ardhi. Bi Opal alipiga magoti kwenye majani, na magoti yale alijua yeye yanavyouma, akaegemeza uso kwenye kioo na kugonga kwa pete yake ya ndoa.

Verlin hakusikia. Aliona. Kwa upande wa jicho aliona umbo dirishani, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na umbo.

Lorene, sakafuni, alisikia kifyatulio mara mbili upesi upesi. Hakukuwa na mlio kabla yake. Hilo lilimshangaza, kwa sababu siku zote mlio ulitangulia. Baada yake ikaja sauti ya Bi Opal kupitia kioo, taratibu, kama anavyosema mtu na mbwa asiyemfahamu.

“Verlin. Ni mimi, Opal. Weka chini hicho, mkeo ameanguka.”

Kwa masikio yaliyozibwa Verlin aliona midomo yake tu, na kidole kilichoelekea jikoni. Hatua zikapanda ngazi.

Sitaeleza sana uso wa Verlin aliposimama mlangoni mwa jiko. Vifuniko vya masikio vilikuwa bado kichwani, naye hakukumbuka kuvivua mpaka Lorene alipoinua mkono na kumwonyesha. Alipiga magoti kwenye vipande vya chupa. Gari la wagonjwa lilipofika, wale vijana walilazimika kumwomba akae pembeni, maana alikuwa ameshika ule mwiko na hakutaka kuuachia.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimfanyia upasuaji asubuhi iliyofuata, na kwa siku tatu Verlin alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Coy Bledsoe alikuja kumwona, maana Bi Opal alikuwa amemsimulia. Alimwambia Verlin, kwa upole, kwamba jambo la kwanza alilowafundisha siku ile ya kwanza, kabla ya kugusa bastola, lilikuwa kutazama ni nani aliye mbele yako. Verlin akasema analikumbuka. Coy akasema, “Ila hilo halina namba, ndiyo maana watu hawalifanyii mazoezi,” kisha akaenda zake.

Siku ya nne, mchana, Verlin alivuta kiti karibu.

“Nilivuta, Lorene,” alisema. “Kwa Opal. Niliiona kofia, nikauona uso wake, na mkono ukawa umeshamaliza. Mara mbili.”

Lorene alimwambia anajua, alisikia.

“Ilikuwa haraka kuliko zote. Sikupima, lakini najua.” Alitazama mikono yake iliyolala magotini kama vitu vya kuazima. “Na wewe ulinigongea. Nilikuona kwenye kioo cha mashine. Nikakuita takataka.”

Hapo ndipo mtu angetaka Lorene amfariji. Mimi mwenyewe ningetaka. Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa amejifunza kitu kule sakafuni.

“Nilikuwa nakuita tangu mwaka jana, Verlin,” alisema. “Siku ile nilikuwa na mwiko tu.”

Hospitali ilipomruhusu, Lorene hakurudi nyumbani. Alikwenda Tulsa kwa Trudy, ambako chumba chake kina dirisha linalotazama barabara. Alimwambia mumewe kwamba hajui atakaa muda gani. Verlin alikubali kwa kichwa. Aliifunga bastola na kimashine ndani ya sanduku, akampelekea Coy amtunzie, akavitoa vile vyuma milangoni. Alimwomba Bi Opal msamaha jikoni kwake, akiwa amesimama, kofia mkononi. Bi Opal alimsamehe na kumpa kahawa. Hata hivyo, anapokuja kwa kina Haskett sasa hupiga honi tangu barabarani, na hashuki garini mpaka Verlin atoke.

Verlin humpigia Lorene kila siku baada ya chakula cha mchana. Mara za mwanzo ilikuwa shida, maana hakuwa na la kusema. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa amesema namba, na maneno mengine yalikuwa yamemtoka. Aliuliza nyonga ikoje, akajibiwa, kisha wakabaki wawili hao kwenye simu, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake kutoka mbali. Siku moja alisema atakata asimsumbue.

“Usikate,” Lorene alimwambia. “Iweke tu mezani, uendelee na shughuli zako.”

Aliiweka. Lorene, kitandani Tulsa, alisikia maji yakimwagika kwenye sinki, sahani moja ikigusana na kikombe kimoja, kiti kikivutwa. Kisha mumewe akasogea karibu na simu.

“Upo, mama?” aliuliza.

“Nipo.”

“Haya,” alisema Verlin, akakaa kando ya simu.

Mpaka ninapoandika haya, Lorene bado yuko Tulsa.

FUNZO

Ndugu zangu, hofu ni mgeni anayeingia nyumbani akijiita mlinzi. Verlin alimpenda mkewe, na kwa kumpenda huko akajifungia mbali naye, akaziba masikio, akafunga milango ambayo msaada ungepitia. Mazoezi yake yaliufanya mkono kuwa mwepesi kuliko macho, na mkono wa namna hiyo haumlindi mtu. Ukitaka kujifunza kujihami, jifunze kwa kiasi, na kabla ya mkono zoeza macho na masikio.

Wala msidhani habari hii ni ya watu wenye bastola peke yao. Kila mmoja wetu ana kitu anachokipima: kazi, cheo, masomo, hata ibada. Tunasema tunafanya kwa ajili ya watu wetu, nao wako chumba cha pili wanatusubiri. Yule unayesema unahangaika kwa ajili yake, muulize leo anataka nini. Muulize ukiwa umekaa, mikono mitupu. Huenda jibu likawa dogo kiasi cha kukuaibisha. Usingoje aanze kugonga sakafu.